Mcheka Kwanza wa Kimyani

Safari yenyewe siielezi. Anayetaka habari za vumbi na malengelenge amuulize yeyote aliyewahi kutembea. Mimi Shekue, mtu wa Muheza, naanzia langoni mwa nchi ya Kimyani, ambako askari alinipekua mfuko, akanipapasa mbavu, kisha akaniamuru nifungue kinywa.

"Wewe hucheka?" akaniuliza.

"Likitokea la kuchekesha."

Akamtazama mwenzake. Mwenzake akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyeona ulimi mbaya. Nikawekwa kwenye benchi mpaka alipoitwa mkubwa wao. Huyo ndiye Bwana Tindwa, Mkuu wa Idara ya Kicheko, mtu mrefu, nadhifu, kanzu imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Kusema kweli nilimpenda. Aliniuliza habari za nyumbani, za mashamba, za mvua, na alipoona nimetulia ndipo akanieleza sheria za nchi.

Kimyani hakuna anayecheka kabla ya Mcheka Kwanza. Mcheka Kwanza ni mzee mmoja, jina lake Mwinyikombo, na kiti chake chenye mto mwekundu kimewekwa mbele kabisa ya ukumbi wa mji. Mchekeshaji akisimama kusimulia, watu humtazama mzee, si mchekeshaji. Mzee akicheka, kicheko kimefunguliwa, nao hucheka mpaka anyanyue mkono. Asipocheka, basi hapakuwa na la kuchekesha, na aliyedhani lilikuwepo anashauriwa apumzike nyumbani.

"Na mtu akicheka mwenyewe tu?" nikauliza.

"Mwenyewe?" Bwana Tindwa alinionea huruma. "Sasa atajuaje kama amechekeshwa?"

Nilingoja atabasamu ili nijue ananitania. Wapi! Mtu alikuwa amekaza uso wake vilevile.

Jioni alinipeleka ukumbini nikajionee. Wachekeshaji walikuwa wamepanga foleni hadi nje, kila mmoja na bakuli lake kwapani. Akapanda wa kwanza, akasimulia habari za mtu aliyetafuta kofia yake mchana kutwa kumbe ameivaa. Mzee Mwinyikombo akatoa "he, he." Ukumbi ukalipuka, nami nikacheka kwa heshima ya wenyeji. Akapanda wa pili, akasimulia habari za mtu aliyetafuta kofia yake mchana kutwa kumbe ameivaa. "He, he." Ukumbi ukalipuka. Wa tatu alipofungua kinywa na kutaja kofia, nikadhani labda ni ugonjwa unaoambukiza.

"Hawana kingine?" nikamnong'oneza Bwana Tindwa.

"Kingine cha nini, na hiki kinachekesha?"

Akanifafanulia, na lazima nikiri alifafanua vizuri. Mchekeshaji aliyechekewa na Mcheka Kwanza hujaziwa bakuli katika jiko la mji, yeye na watu wake wakala. Asiyechekewa hurudi nyumbani na bakuli kama alivyokuja nalo. Mzee, tangu siku alipokalia kiti, kitu kilichomchekesha bila wasiwasi ni Kofia. Sasa nani mwenye watoto atakwenda kumjaribu kwa jambo jipya? Juu ya mlango wa jiko lile waliandika kwa rangi ya kijani: MTEGEMEA CHA NDUGUYE HUSHIBA MAPEMA. Nikakumbuka namna tunavyoimalizia methali hiyo kwetu. Mgeni hasahihishi ukuta wa watu.

"Usidhani lakini kwamba tunakataa mabadiliko," akasema Bwana Tindwa. "Mwaka juzi tuliruhusu kofia iwe ya rangi ya maziwa badala ya nyeupe. Watu walihamaki, wengine waliacha kuja. Tukasimama imara."

Wanazuoni pia wanao. Kuna kundi linaloshikilia kwamba yule mtu aliigundua kofia kwa kujikuna kichwa, na kundi linalosema aliiona kwenye maji ya mtungi. Watu wa Kujikuna na watu wa Mtungi hawaozani. Nilikaa nao siku moja barazani wakijadiliana, hoja zikapanda, vidole vikanyooshwa, mzee mmoja akalia machozi. Hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba kile kitu kilikusudiwa kuchekesha.

Nilipangiwa kulala kwa Bi Sikudhani, mjane mnene mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Alikuwa msimuliaji wa Kofia kwa miaka mingi, na kwa bakuli lake aliwalisha wajukuu wawili ambao mama yao yuko mbali. Mbele za watu alikuwa mtulivu kupita kiasi. Uani kwake alikuwa mtu mwingine kabisa. Mchana mmoja tulikaa tukimenya mihogo, akanitazama mkono, akaguna.

"Kaka Shekue, huo muhogo unaumenya au unauchonga kinyago?"

"Kwetu humenya wanawake."

"Ndiyo maana kwenu wanawake wanashiba na nyinyi mnasafiri." Akauchukua ule muhogo, akaumaliza kwa kuvuta ganda mara moja tu. Kisha akashusha sauti. "Nikuambie kitu? Nimechoka na kofia. Nimeichoka mpaka nikimwona mtu kavaa kofia natamani kumpiga. Kichwani mwangu yamejaa mambo mengine, mambo yangu mwenyewe, niliyoyaona kwa macho haya. Sina wa kumwambia. Naiambia mihogo, kwa sababu haisemi."

"Niambie mimi."

Alichungulia huku na huku. Kisha akaweka kisu chini, akajifuta mikono, akakaa vizuri. Naandika alivyosema, ingawa sauti yake siwezi kuiandika.

"Alikuja mkwe wangu, mume wa binti yangu, mtu wa adabu hasa. Nimepika pilau, juu nimemweka kuku mzima, amechuchumaa pale kama bibi harusi. Nikamwambia, baba, karibu chakula. Akasema, ahsante mama, nimeshiba. Karibu japo kidogo. Nimeshiba mama, nimetoka kula sasa hivi. Haya. Mimi ni mtu wa kuamini watu. Nikanawa, nikaanza kula. Yeye macho yamemtoka, hayabanduki kwa kuku. Nikamuuliza, baba, mbona unamkazia macho huyu kuku, mnajuana? Akasema, sura yake si ngeni, mama. Nikamwambia, basi pole, ndiyo tunamzika hivi. Mara akasogea, akakunja mikono ya kanzu, akasema: mama, kama ni maziko, basi na mimi nibebe hata paja."

Jamani! Nilicheka. Sikucheka kwa heshima ya wenyeji, nilicheka mpaka nikaanguka juu ya maganda, mbavu zikauma, nikasahau niko nchi gani. Nilipoinuka kufuta machozi nikaona uso wa Bi Sikudhani umesawajika. Kule nyuma ya ua filimbi ilikuwa inalia. Jirani alikuwa amesikia yote, neno kwa neno.

Wakaja askari wawili, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wakamchukua asubuhi yake. Adhabu nilielezwa na Bwana Tindwa mwenyewe, kwa upole uleule. Mtu anayesababisha kicheko kisichofunguliwa huhamishiwa Idara ya Maombolezo. Humo hupewa nguo nyeusi, hupelekwa kila msiba kulilia maiti asiowajua, na harudishiwi ulimi wa kuchekesha mpaka naye anazikwa. Bi Sikudhani, na hayo yote aliyoyahifadhi kichwani, alilie watu maisha yake yote, kwa sababu mimi sikuweza kufumba mdomo!

"Nihukumuni mimi," nikamwambia Bwana Tindwa. "Mimi ndiye niliyecheka."

"Wewe ni mgeni, na zaidi ya hayo wewe ni kielelezo," akajibu. "Kielelezo hakishtakiwi. Utasimama karibu na meza."

Na kweli nilisimamishwa karibu na meza. Ukumbi ulijaa. Hakimu, bwana mmoja mwenye masharubu yaliyochoka, alikaa juu; chini yake kidogo, kwenye mto mwekundu, alikaa Mzee Mwinyikombo, kwa kuwa hakuna kikao kinachofanyika bila yeye. Wajukuu wa Bi Sikudhani waliketi mbele na bakuli tupu. Yeye mwenyewe alikuwa kati ya wale askari wawili, amejikaza.

Kwanza niliambiwa nicheke, ili mahakama ikitambue kile kicheko. Nikajaribu. Kikatoka kitu cha aibu, nusu yake kikohozi.

"Sicho hicho," akasema jirani mwenye filimbi. "Cha jana kilikuwa kinene."

Nikajaribu tena, nikashindwa tena. Hakimu akaamua kwamba kicheko kimepotea na itabidi kitafutwe chanzo chake. Yaani yale maneno yenyewe yasomwe mahakamani. Bwana Tindwa, ambaye ndiye mwendesha mashtaka, akasafisha koo.

"Mheshimiwa, mshtakiwa, akiwa na akili timamu na kisu cha kumenyea, alidai kwamba mkwewe alifika nyumbani kwake wakati wa chakula. Chakula kilikuwa pilau. Juu ya pilau hiyo alikuwepo kuku."

"Kuku huyo alikuwa hai?" akauliza Hakimu, akiandika.

"Hapana, Mheshimiwa. Alikuwa amekwisha fariki."

Mtu mmoja nyuma ya ukumbi akapaliwa. Watu wote wakageuka kumtazama, kisha wakageuka kumtazama Mzee Mwinyikombo. Mzee alikuwa ametulia tuli.

"Mkwe akasema nini?"

"Alisema ameshiba."

"Alikuwa ameshiba?"

"Upelelezi unaonyesha hakuwa ameshiba, Mheshimiwa. Inaonekana alikuwa na njaa kali, ila adabu ilimzuia kuitaja. Mshtakiwa, kwa makusudi, akamwamini."

Hakimu akaweka kalamu chini. Akatazama dari kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kutazama dari. "Endelea."

"Mkwe akamkazia macho marehemu. Ndipo mshtakiwa akamuuliza, nanukuu, kama walikuwa wanajuana."

Hapo nikaanza kupata taabu ya kweli. Nilishika meza. Askari mwembamba alikuwa anajiuma shavu, mabega yanaruka. Mwanamke wa mbele alijiziba kinywa kwa upande wa kanga, na upande wa pili akamziba mwenzake. Hapana, nawaambieni, hakuna jambo linalochekesha kuliko mtu mwenye kanzu iliyosimama anayesoma upuuzi kwa sauti ya serikali.

"Na walikuwa wanajuana?" Hakimu aliuliza, sauti imekwama.

"Mkwe alijibu kwamba sura haikuwa ngeni. Mshtakiwa akampa pole, akamjulisha kwamba maziko yanaendelea. Na hapo, Mheshimiwa..." Bwana Tindwa akasita. Pembe ya mdomo wake ilitikisika, akairudisha mahali pake kwa nguvu. "Na hapo mkwe akakunja mikono ya kanzu, akaomba, kwa kuwa ni maziko, naye aruhusiwe kubeba hata paja."

Ukumbi mzima umejaa watu waliovimba mashavu, macho yote kwenye mto mwekundu. Bi Sikudhani alifumba macho. Ningekuwa mtu wa kuapa, ningeapa kwamba hata wajukuu waliacha kupumua.

Ile sauti iliyotoka pale kwenye kiti haikuwa "he, he." Ilianza chini, tumboni, ikapanda kwa kukwaruza kama mlango ambao haujafunguliwa siku nyingi, ikamtoa mzee kitini, ikamweka sakafuni na miguu juu. Mzee Mwinyikombo alikuwa anacheka! Alipiga sakafu kwa kiganja, akasema "paja! paja!" na machozi yakimtiririka. Sasa nani angewazuia watu? Hakimu alilala juu ya meza. Yule askari mnene tu ndiye aliyebaki amenuna. Bwana Tindwa alicheka akijizuia, akajizuia akicheka, mwishowe akaelekea ukutani, akacheka na ukuta.

Hukumu ilichukua muda mfupi. Kicheko kimefunguliwa na mwenye mamlaka, basi hakuna kosa. Bi Sikudhani yuko huru. Watu wakapiga vigelegele, nami nikamkumbatia jirani mwenye filimbi kabla sijamtambua.

Lakini Bwana Tindwa alikuwa amekwisha rudi kutoka ukutani, uso umepangwa upya, naye akainua mkono. Akatangaza kwamba Kimyani, nchi isiyoogopa mabadiliko, imepata kichekesho kipya. Kuanzia leo Kuku ni kichekesho rasmi pamoja na Kofia. Bi Sikudhani anateuliwa kuwa Msimuliaji Mkuu wa Kuku, bakuli lake litajazwa kila siku hadi kufa kwake, achekewe asichekewe. Atasimulia kila jioni, kwa maneno yaleyale aliyoyasoma mwendesha mashtaka. Paja halitageuzwa kuwa bawa bila kibali cha Idara.

Vigelegele vikazidi. Nilimtazama Bi Sikudhani nikidhani atarukaruka. Alikuwa amesimama kama mtu aliyepewa zawadi ya viatu vya mtu mwingine. Akaomba apewe nafasi ya kufikiri, akanivuta nje, barazani.

"Chukua!" nikamwambia kabla hajasema neno. "Dada yangu, chukua. Wajukuu watakula. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao."

"Huo mbachao ni wangu?"

"Si wamekupa?"

"Wamenipa, na wanaweza kuukunja." Akakaa kwenye ngazi, akashika kichwa. "Naogopa, kaka Shekue, sikufichi. Lakini umesikia Tindwa alivyokisoma kisa changu? Umemsikia kuku wangu? Jana alikuwa wangu, leo ana ofisi. Mwaka ujao kutakuwa na watu wa Paja na watu wa Bawa, nao hawataozana. Na mimi nitakuwa nasimama pale kila jioni, nasema maneno ya Tindwa, namtazama mzee. Nimetoka kwenye kofia nikaingia kwenye kuku."

Nikamwambia kwamba kuku walau analika. Sikupata hata tabasamu. Nilikasirika kidogo, nasema kweli. Nilimwona mtu anayekataa wali kwa ajili ya maneno. Yeye aliwatazama wajukuu, waliotufuata nje, wakigombania bakuli tupu kulifanya ngoma. Kisha akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaingia ndani.

"Nashukuru," akawaambia. "Sitaki."

Zilisikika kelele. Bwana Tindwa alimwendea karibu, na kwa mara ya kwanza nikaona amefadhaika kama mtu na si kama ofisi.

"Bi Sikudhani, nani atakulisha?"

"Nitakaowachekesha."

"Na wasipocheka?"

"Nitalala na njaa, niamke na kingine."

"Kingine! Kila siku kingine? Na ukiishiwa?"

"Bwana Tindwa, wewe umewahi kuishi siku mbili zinazofanana? Mambo hayaishi. Tunaishiwa sisi wa kuyatazama."

Hapo Bwana Tindwa akamkumbusha, kwa masikitiko, kwamba sheria iko palepale. Akisimulia kingine mahali pasipo na Mcheka Kwanza, na mtu akacheka, ni Idara ya Maombolezo, na safari hii hatapona. Bi Sikudhani akasema amesikia.

"Tindwa," ikaita sauti kutoka sakafuni. Mzee Mwinyikombo alikuwa bado hajainuliwa. "Mcheka Kwanza ni mimi?"

"Ni wewe, Mzee wetu."

"Haya, nimeacha."

"Huwezi kuacha, Mzee."

"Nimekwisha acha. Nisaidieni nisimame." Wakamsimamisha, akajikung'uta. "Tangu mlipokileta hicho kiti sijasikia hadithi hata moja, walahi. Mtu akisimulia, mimi nalisikiliza tumbo langu: nicheke, nisicheke, nikicheka nani atakula, nisipocheka nani atalala njaa. Kofia nilikuwa naichekea kwa sababu naujua mwisho wake, nisije nikakosea. Leo kicheko kimenitoka bila kuniomba ruhusa hata mimi. Sikujua kama bado ninacho. Kiti hicho mpeni mwenye matako magumu."

Akatoka na fimbo yake. Nchi ikawa haina Mcheka Kwanza. Bwana Tindwa akafungua kikao cha dharura palepale, kwani sheria inasema Mcheka Kwanza mpya hukubaliwa pale tu anapochekewa na wa zamani, na wa zamani alikuwa amekwenda zake. Mpaka naondoka Kimyani kikao hicho kilikuwa kinaendelea, na chai ilikuwa inapelekwa.

Alasiri hiyohiyo Bi Sikudhani alichukua mkeka wake wa ndani, akautandaza kwenye uwanja wa kuanikia mihogo, akasimama juu yake. Watu walimfuata wengi, kwa hamu ya kuona mtu anavyoharibikiwa. Askari wawili walikuja pia, mnene na mwembamba, wasijue wamekuja kukamata au kutazama, kwa kuwa bila Mcheka Kwanza hakuna aliyejua tena kosa ni lipi.

Kwanza akasimulia habari za mbuzi wake na mlango wa mwalimu. Kilikuwa kisa kizuri, kwa maoni yangu. Hakuna aliyecheka. Watu walitazama mbele, mahali ambapo kiti kingekuwapo, wakakuta mihogo. Wakatazamana. Mtu akajikuna. Bi Sikudhani akaanza kutoka jasho usoni, na mimi nikalipata lake na langu. Nikasema moyoni, haitakuwa hivi mbele ya macho yangu. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa nimchekee kwa nguvu zote.

Akaniona. "Wewe mgeni, funga mdomo huo!" akanifokea mbele za watu wote. "Ukinichekea wewe, kesho nitakungojea wewe."

Nikaufunga. Maneno yake yalinichoma, maana nilidhani namsaidia.

Akasimulia cha pili, kikaanguka kama cha kwanza. Lakini sasa niliona anafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona ukumbini: alikuwa anawatazama watu. Kila mmoja, usoni. Akiona jicho limecheza, anasogea upande huo. Akiona wamelala, anakata neno katikati, anaanza jingine. Kisha akajifuta jasho, akawatazama wale askari.

"Asubuhi ya leo nilichukuliwa kwangu na mabwana hawa wawili," akasema. "Mmoja kushoto, mmoja kulia, mimi katikati nimevaa kanga mpya, maana nilisema kama ni kufungwa nifungwe nimependeza. Tumefika njia panda, mama mmoja akanipigia kigelegele. Hongera, dada, umepata mchumba! Yupi kati ya hawa ndiye bwana harusi? Haya, nikamtazama wa kushoto." Akamtazama yule mnene, kwa utulivu, toka kofia hadi viatu. "Nikamtazama wa kulia." Akamtazama na mwembamba, taratibu, kwa haki ileile. "Nikamwambia, dada, asante. Bora jela."

Askari mnene akanuna, mashavu yakamshuka. Mwembamba akamtazama mwenzake alivyonuna, na hapo hapo kicheko kikamtoka. Alikuwa wa kwanza, yeye mwenye pingu! Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka kwa hofu, kikapita katikati ya vidole. Mwanamke mmoja mwenye mzigo wa kuni akacheka kwa kumwona yeye. Kuni zikaanguka. Kisha sikuweza tena kujua nani anamfuata nani. Walicheka ovyo, kila mtu kwa wakati wake, wengine wamemaliza wengine ndiyo kwanza wanaanza, na askari mnene akauliza kwa hasira kinachochekesha ni nini, wakacheka upya. Mimi nilicheka, na nililia pia, sioni haya kusema.

Mkekani watu wakaacha walichokuwa nacho: mihogo, chumvi kwenye jani, nusu ya nazi. Haikuwa karamu. Wajukuu walivikusanya kwenye bakuli, na halikujaa.

Mzee Mwinyikombo alikuwa kule nyuma kabisa, amesimama kwa fimbo, masikio hayasikii vizuri. Watu walikuwa wamekwisha tulia ndipo maneno yalipomfikia. Akacheka peke yake, uwanja mzima ukimgeukia.

"Nimechelewa!" akapiga kelele kwa furaha, akiinua fimbo juu. "Jamani, mmeniwahi, nimechelewa!"

Akajipenyeza kati ya watu hadi mkekani, ambako Bi Sikudhani alikuwa amechuchumaa anakunja mkeka.

"Mama, na kesho utasimulia kipi?"

"Sijui, baba."

Mzee akamkazia macho, kama aliyeambiwa jambo asilolitarajia. Kisha akageuka, akashika njia ya mjini kwa haraka kuliko fimbo yake ilivyoweza, akimsimamisha kila aliyekutana naye.

"Hajui!" alikuwa anawaambia. "Mmesikia? Ya kesho hata mwenyewe hajui!"